Kupumzika ni uzungu? Nimeiuliza historia ya Songea

Najua nimepotea, na wale wachache mlioniuliza "dada vipi, mbona kimya?" nawashukuru kwa kunikumbuka. Sijafa, wala sijahama Songea. Nilikuwa nimechoka tu. Na leo nataka kuandika juu ya huko kuchoka, maana nimegundua kwamba nako kuna historia yake.

Ilianza hivi. Mwezi wa sita, baridi ya Songea ikiwa kali ile ya kufanya watu wavae makoti mpaka saa nne asubuhi, nilikwenda kupima presha kwa sababu kichwa kilikuwa kinanigonga wiki nzima. Nesi akapima mara ya kwanza, akanitazama, akapima tena. Kisha akauliza, "Mama, unaamka saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na moja alfajiri. "Unalala?" Saa tano usiku, mdogo asipokuwa na homa. "Na hapo katikati unapumzika lini?" Nikacheka. Nilicheka kweli, kwa sauti, mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akacheka pia. Nesi hakucheka. Aliandika namba kwenye karatasi, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili, na katikati hapo nitafute muda wa kupumzika.

Kwa wasionijua: mimi ni mwandishi wa habari, nina watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa na mdogo bado hajafikisha miwili. Baba yao ni dereva wa malori ya makaa ya mawe, hivyo leo yuko Mbinga, kesho Mtwara, keshokutwa yuko barabarani hajulikani alipo mpaka mtandao ushike. Nyumbani tupo mimi, watoto, na binti mmoja anayenisaidia kazi. Ndiyo hali.

Jioni ile nikampigia simu mama yangu, nikamweleza maneno ya nesi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kupumzika? Mwanangu, hayo ni mambo ya wazungu. Sisi tulipumzika lini?"

Neno hilo lilinikaa. Si kwamba nilitaka kubishana na mama, hapana, mama habishiwi. Lakini ndiyo kazi yetu sisi waandishi, mtu akisema neno tunataka kujua limetoka wapi. Je, ni kweli kwamba kupumzika kumeletwa na meli? Au tulikuwa nako tukanyang'anywa? Nikaanza kusoma, taratibu, usiku watoto wakilala (ndiyo, najua, nesi asisome hapa!). Haya ndiyo niliyoyapata, na karibu yote yanaanzia hapahapa mkoani kwetu.

Tuanzie Mahenge, pale kwenye Makumbusho ya Majimaji. Kila mwaka tarehe 27 Februari sisi waandishi wa Songea tunakuwa pale, kwa sababu siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni na kuwazika katika kaburi moja la halaiki. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja akasimama palepale akaomba msamaha. Nilivyokuwa mdogo nilidhani orodha ya mashujaa wale ni ya wanaume tu. Kumbe yumo mwanamke, Nkomanile, kiongozi aliyeyapokea maji ya vita na kuyaingiza Ungoni. Alinyongwa kama wenzake.

Lakini wengi tunaishia kwenye kamba. Tunasahau kilichofuata. Vita ile ya 1905 hadi 1907 haikumalizwa na bunduki peke yake, ilimalizwa na njaa. Askari wa Kijerumani walichoma maghala na mashamba, wakazuia watu wasipande, na watu wengi zaidi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Waliobaki walikuwa na kazi ya kuanza upya bila mbegu, bila ng'ombe, na mara nyingi bila wanaume. Hebu fikiria mwanamke wa Ungoni mwaka 1908, mumewe amekufa, ana watoto watatu, ghala ni majivu. Huyo ndiye bibi wa bibi zetu. Umwambie habari ya kupumzika?

Kisha ikaja kodi. Kodi ya nyumba ilikwishaanzishwa tangu 1898, na baada ya vita haikuepukika tena. Kodi ilitaka fedha, na fedha Songea haikuwepo. Ilikuwa Tanga na Morogoro na Lindi, kwenye mashamba ya mkonge. Wanaume wakaanza safari. Waingereza walipoingia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliikuta njia hiyo imeshachimbwa, wao wakaipanua. Songea ikawa ghala la watu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, watu wakaiita SILABU, na wale walioandikishwa na kusafirishwa kwa makundi wakaitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake.

Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Sikumkuta, lakini hadithi zake nimezikuta. Alikuwa na kipande, ile kadi ya kazi, yenye nafasi 30. Kila ukimaliza kazi ya siku, nafasi moja inatiwa alama. Ukiumwa, hakuna alama. Ukimaliza kipande ndipo unahesabiwa mshahara. Na usidhani ungeweza kuondoka tu ukichoka. Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai, yaani mtu anafungwa kwa kuacha kazi!

Sasa hapa ndipo nilipokwama kidogo nikiwa nasoma. Babu alinyonywa, hilo halina ubishi. Lakini angalau siku zake zilihesabiwa. Kulikuwa na kadi, kulikuwa na namba, mtu fulani aliandika kwamba leo huyu amefanya kazi. Bibi aliyebaki Songea akilima, akitwanga, akichota maji, akiuguza, akizaa, akilea, na kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori usiku, siku zake hakuna aliyezihesabu. Mtafiti P. H. Gulliver alikuja huku miaka ya 1950, na mwaka 1955 ikachapishwa ripoti yake juu ya uhamaji wa vibarua miongoni mwa Wangoni na Wandendeule. Kichwa cha utafiti wake ni wale waliokwenda. Mimi nikawa najiuliza juu ya waliobaki.

Hata hivyo nisiwadanganye kwamba bibi zetu walikuwa punda tu. Mama anasema hawakupumzika, lakini mama huyohuyo ukimtajia kioda uso wake unabadilika. Wenzangu wa kando ya Ziwa Nyasa mnaijua vizuri. Wanaume wana mganda wao, wanawake wana kioda, na baada ya mavuno vikundi vilikuwa vinatembeleana kijiji kwa kijiji kushindana kucheza. Mama alinisimulia kwamba wakati wa ngoma mtu ulikuwa unaondoka nyumbani na wenzako, mmeshona nguo za kufanana, na huko mnakokwenda mnapikiwa. Rudieni hilo neno: mnapikiwa! Watoto wanabaki na shangazi, bibi, jirani, na hakuna anayekuita mama mbaya. Mume akinuna, atanuna na kijiji kizima.

Nikamwambia, "Mama, sasa huko si ndiko kupumzika?" Akasema, "Kule si kupumzika, kule ni kucheza ngoma." Sawa mama.

Kumbe tulikuwa nako. Ila kulikuwa na msimu wake, na kulikuwa ni kwa kundi. Haikuwa mtu mmoja kujifungia chumbani na kikombe cha chai, bali wanawake ishirini kuondoka pamoja. Ndiyo maana mtu mmoja akisema leo "nataka muda wangu" tunamwona amepotoka, lakini ishirini wakisema "tunakwenda ngomani" ilikuwa ni desturi.

Tuache ngoma turudi kwenye sheria. Huko duniani wafanyakazi walikuwa wanapigania saa zao. Mei Mosi tunayosherehekea inatokana na mgomo wa Marekani mwaka 1886, wafanyakazi wa Chicago wakidai kazi isizidi saa 8 kwa siku. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles ulianzisha Shirika la Kazi Duniani, na mwaka huohuo shirika likapitisha mkataba wake wa kwanza, wa saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na mkataba wa tatu, wa likizo ya uzazi na muda wa kunyonyesha kazini. Sasa sikilizeni maajabu ya historia. Mkataba uleule wa Versailles ndio ulioinyang'anya Ujerumani makoloni yake, sisi tukaangukia kwa Mwingereza. Yaani karatasi ileile iliyompa mama wa Ulaya haki ya kunyonyesha, ilimpa bibi yangu bwana mpya. Ile haki ya kunyonyesha haikufika Songea. Iliyofika, miaka minne baadaye, ni ile sheria ya 1923 ya kufunga watoro.

Hapa kwetu saa za kupumzika zilipiganiwa na watu wa kwetu. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa kufuata reli mpaka sehemu nyingi za nchi. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vikaungana kuwa TFL, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa nani? Mtoto wa Songea, Rashidi Mfaume Kawawa! Wengi tunamkumbuka kama Waziri Mkuu, Simba wa Vita, mzee aliyefariki tarehe 31 Desemba 2009. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya siasa aliigiza katika filamu ya "Muhogo Mchungu", na kwamba alipandia siasa kwenye mgongo wa madai ya wafanyakazi. Mwana wa mkoa uliotoa manamba ndiye aliyesimama kudai haki za vibarua. Mimi hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Ingawa, tuseme ukweli wote, serikali hiyohiyo ya uhuru ndiyo iliyobana migomo kwa sheria mwaka 1962, na mwaka 1964 TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA chini ya mkono wa serikali. Historia haina malaika.

Halafu nikafika kwenye Azimio la Arusha. Sote tulikariri shuleni: adui ujinga, maradhi, umaskini, fedha si msingi wa maendeleo. Lakini kuna sehemu ambayo mimi sikumbuki mwalimu yeyote akiisoma darasani. Mwalimu Nyerere anazungumzia bidii ya kazi, na anasema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi mno, pengine saa 12 au 14 kwa siku, na hata Jumapili na sikukuu. Wanaume wa vijijini je? Anasema, kwa ufupi, kwamba nusu ya maisha yao wako likizoni. Februari 1967, katika waraka mkubwa kuliko yote ya nchi hii, rais anahesabu saa za mama yangu! Nilipoisoma sehemu ile niliinuka kwenye kiti nikaenda jikoni kunywa maji. Miaka sitini baada ya wanaume na mwanamke mmoja kunyongwa pale Mahenge, hatimaye mtu amehesabu.

Lakini kuhesabu si kupunguza. Azimio lilitaka wanaume waongeze bidii. Halikusema nani atashika mtoto.

Waliojaribu kujibu swali hilo walikuwa hapahapa Songea, na walianza kabla ya Azimio. Mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League walikwenda porini wakaanzisha kijiji cha Litowa. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga, na baadaye wakapata mshauri Mwingereza, Ralph Ibbott, aliyeishi nao na familia yake. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana kuwa Ruvuma Development Association, mpaka vikafika 17. Walilima pamoja, wakaamua mambo yao wenyewe kwenye mikutano, na walikuwa na shule yao iliyosifiwa na Mwalimu mwenyewe. Na walikuwa na kituo cha kulelea watoto wadogo! Mama akienda shamba la kijiji, mtoto anabaki mahali anapotunzwa na kulishwa, na wenye kazi hiyo wanahesabiwa kwamba nao wako kazini kama yule mwenye jembe.

Naomba msipite haraka hapo. Kulea kumehesabiwa kuwa ni kazi. Miaka ya 1960, porini, Songea. Si Uswidi.

Mwisho wake mnaujua au mnaukisia. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliipiga marufuku RDA, mali zake zikachukuliwa. Chama hakikupenda vijiji vinavyojiamulia. Wanahistoria wameandika sana kuhusu kilichopotea pale, demokrasia, kujitegemea, ujamaa wa hiari kabla ya ule wa kuhamishwa kwa malori. Mimi naongeza kimoja kidogo: na kile kituo cha watoto.

Baada ya hapo mambo yalihamia kwenye vitabu vya sheria. Mwaka 1975 sheria ya ajira ilirekebishwa, mwanamke mwajiriwa akapata siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, awe ameolewa au hajaolewa. Hilo la "au hajaolewa" lilikuwa jambo kubwa kwa wakati ule. Kisha ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inatuongoza. Niliichapa nikaibandika jikoni. Kazi isizidi saa 9 kwa siku, saa 45 na siku 6 kwa wiki. Saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku na siku (zinaweza kushuka hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi katika mazingira fulani). Saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Likizo ya mwaka siku 28. Uzazi siku 84, ukijifungua pacha 100. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa mpaka saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Na baba anapata siku 3. Siku tatu! Hata kitovu cha mtoto hakijadondoka, baba ameshatakiwa kazini.

Hizo saa mbili za kunyonyesha mimi niliziomba nilipojifungua huyu wa pili. Mkubwa wangu wa wakati huo (sitataja wapi) alinijibu akicheka, "Mama, habari hainyonyeshwi." Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka nao. Nimejifunza kwamba mara nyingi nikicheka ndipo nimeshindwa.

Sasa ndugu wasomaji, hapa ndipo nilitaka kumalizia. Nilikuwa nimeshapanga mwisho mzuri, kwamba kupumzika si uzungu, babu zetu walikupigania, sheria ipo, wazazi wenzangu tuamke tudai haki. Mngepiga makofi. Lakini usiku ule nikiwa jikoni, nikafanya hesabu zangu kwa kalamu nyuma ya daftari la mtoto. Naamka saa 11 alfajiri. Kuanzia hapo mpaka saa 2 asubuhi ni kazi za nyumbani na watoto, saa 3. Kazini mpaka saa 11 jioni, saa 9. Saa moja njiani na sokoni. Saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku nyumbani tena, saa 4. Jumla saa 16 bila kuhesabu njia. Nikamkumbuka Mwalimu na saa zake 12 au 14. Nimempita!

Nikainua kichwa. Binti anayenisaidia alikuwa amesimama kwenye sinki anaosha vyombo. Ilikuwa saa 4 kasoro usiku.

Nikaona aibu hata kuandika, lakini nikaandika. Anaamka saa 11, tunaamka pamoja. Analala saa 4, baada ya kufunga milango. Hizo ni saa 17. Nikatoa moja ya mchana, mdogo anapolala. Zikabaki 16. Tumelingana kabisa. Ila mimi Jumapili nakwenda kanisani, nikirudi najinyoosha kwenye kochi. Yeye Jumapili anapika zaidi, kwa sababu wageni huja Jumapili. Mara saba, saa 112 kwa wiki. Sheria niliyoibandika mwenyewe ukutani, juu ya kichwa chake, inasema 45.

Yaani mimi niliyekuwa natafuta nani alimnyang'anya bibi yangu siku zake, kipande hakipo, namba haipo, hakuna anayetia alama... niliyemnyang'anya huyu ni mimi. Mimi naweza kuandika kwa sababu yeye anaosha vyombo. Kitu gani hicho nilichokuwa nakiita "kutafuta muda wangu"? Nilikuwa nautafuta kwenye mfuko wa mtu mwingine. Na nesi hajampima presha huyu, hakuna aliyempima.

Kesho yake asubuhi nikamwita, nikamwambia kuanzia wiki hii Jumapili ni yako, tangu Jumamosi jioni mpaka Jumapili jioni, usiguse kazi. Nilidhani atafurahi. Akaniangalia kwa wasiwasi, akauliza, "Nimekosea nini, mama?" Nikamweleza kwamba hajakosea, ni sheria. Akafikiri, halafu akauliza swali ambalo sijapata jibu lake mpaka leo: "Sasa nikapumzikie wapi?"

Swali zuri jamani. Chumba chake ndicho stoo ya mahindi. Kwao ni mbali, ndani huko Namtumbo, nauli si mchezo. Mjini hana mtu. Bibi zetu walikuwa na ngoma ya kwenda, yeye ana nini? Jumapili ya kwanza alikaa tu kwenye kitanda chake, mlango wazi, mdogo akiingia na kutoka kumwita. Jumapili ya pili alilala mpaka saa nane mchana, nikaingia kumwangalia kama anapumua. Jumapili ya tatu alikwenda na binti wa jirani mpaka Soko Kuu, wakarudi na mitumba na vicheko. Sikuwahi kumsikia akicheka namna ile tangu aje kwangu.

Na mimi? Msidhani nimepata utulivu. Jumapili sasa napika mwenyewe, wageni nimewaambia waje na mboga. Mkubwa wangu, yule wa miaka tisa, ni wa kiume, na nimemfundisha kuosha vyombo. Mama yangu alipomkuta ameshika dodoki alitaka kulia. Nikamwambia, "Mama, Mwalimu aliandika mwaka 1967 kwamba wanaume wako likizoni, huyu likizo yake imekwisha." Akatikisa kichwa lakini niliona anazuia kicheko. Baba yao nilimsomea hesabu zote kwa simu, akiwa ameegesha lori Tunduru. Kwanza akasema na yeye amechoka. Ni kweli, amechoka, dereva wa malori haendeshi kwa raha. Tukabishana. Siku hizi akirudi, usiku wa kwanza analala, wa pili mtoto akilia anaamka yeye. Tumeanzia hapo. Hapajatosha, lakini tumeanzia hapo.

Changu mwenyewe ni Jumatano. Tupo wanawake wanne wa mtaa mmoja, wawili walimu, mmoja ana duka la dawa, na mimi. Saa 11 na nusu jioni tunatembea kuelekea upande wa Matogoro, tunapandisha kidogo, tunageuka giza halijaingia. Saa moja na dakika chache. Tunasengenya, tunanyamaza, tunapumua. Juu kule kwenye Matogoro ndiko Mto Ruvuma unakoanzia, mto unaogawa nchi yetu na Msumbiji, na ukiwa chini yake huwezi kuamini jambo kubwa hivyo linaanzia mahali pakimya hivyo. Watoto zamu kwa zamu wanabaki nyumbani kwa mmoja wetu, na yule anayebaki nao tunamhesabia kwamba yuko kazini. Hilo nililiiba Litowa.

Nilirudi kwa nesi. Presha ilikuwa imeshuka, si sana, imeshuka. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimesoma historia. Safari hii yeye ndiye aliyecheka.

Kwa hiyo mama, kama unasomewa hii: kupumzika si uzungu. Ulikwenda kwenye kioda ukapikiwa, huo haukuwa uzungu. Kilichokuja na meli ni kodi na kipande, na tangu hapo tumekuwa tukizirudisha siku zetu moja moja. Ila sikujua kwamba nikizirudisha zangu naweza kuwa nazichukua za mwingine.

Haya, wasomaji wenye watoto na kazi, chukueni kalamu usiku wa leo. Hesabuni saa zenu. Mkimaliza, inueni kichwa mwangalie nani bado amesimama kwenye sinki, muhesabu na za kwake.

Alamsiki. Kesho Jumapili, chai naandaa mimi.